Jiwe Halitumwi

Siku ile makaburini tulikuwa tisa. Nitawataja wote, kwa sababu mmoja wetu ametutoka mwezi huu na sitaki wengine wapotee pia. Alikuwepo Leon, kiongozi wa msafara, mwanamume wa miaka arobaini hivi aliyebeba karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki kwa kuogopa manyunyu. Alikuwepo Yoni, mwenye mizaha. Alikuwepo Talia wa Johannesburg, na Rafa, ambaye kwao ni Ajentina na ambaye baridi ya Agosti ya Nyeri ilikuwa imemshinda kabisa, na Esta, msichana mpole aliyepiga picha kila kitu, hata ndoo yangu. Alikuwepo Kamande, dereva wao, mtu wa Kiganjo. Alikuwepo Mzee Githaiga, msimamizi wa makaburi, amevaa koti la mvua na kofia yake ya kanisani. Alikuwepo Dina. Na mimi Wangeci, mwenye ufagio.

Habari za Dina zilinifikia Jumatatu, nikichambua maharagwe mlangoni. Ni Yoni aliyeniandikia. Siku hizi ana ndevu zenye mvi na hafanyi mzaha kama zamani. Alisema kwa Kiingereza chepesi, kile anachokitumia nami, kwamba Dina amefariki Ijumaa na amezikwa Jumapili, kwa maana wao Wayahudi hawakai na maiti, na kwamba ugonjwa ulikuwa uleule uliomchukua mamake. Niliweka simu chini nikaendelea na kazi. Nilipomaliza niligundua kwamba nimetupa maharagwe shambani na kubakiza changarawe kwenye ungo. Nilikaa pale nikazitazama. Gathoni, mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa ni mwalimu na ana watoto wake, alikuwa amekuja kunisalimu. Alinipokonya ungo, akaingia ndani kupika chai.

Mwaka ule ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za wazazi wangu nimekwisha kuziandika kwingine, sitazirudia. Inatosha kusema kwamba walikuwa wamelala chini ya mparachichi wetu kule Tetu kwa mwaka mmoja na nusu, na kwamba mimi, kifungua mimba, niliyeacha shule kidato cha pili mama alipoanza kuugua, nilikuwa na Muriuki, Nyawira na Gathoni wa kulisha na kusomesha. Tangu Januari nilikuwa na kazi mbili. Asubuhi nilifagia makaburi ya zamani yaliyo juu ya mji, na kuanzia saa saba niliosha vyombo katika nyumba ya wageni ya kanisa, mwendo wa dakika kumi kutoka hapo. Nilijisifu moyoni kwamba hakuna aliyewahi kunikuta nimeketi. Nilikuwa sijui kwamba kuketi nako ni kazi, na kwamba kuna watu wanaoifanya vizuri.

Mzee Githaiga alikuwa na sheria moja tu: kaburi liwe safi kama sahani. Alikuwa mzee wa kanisa, mkali, mwenye haki, na aliamini kwamba wafu hawawezi kujitetea, kwa hiyo aliye hai hana ruhusa ya kuwaacha na takataka. Kabla sijaajiriwa, watoto waliokuwa wakirusha mawe walivunja msalaba wa marumaru, na aliyefagia kabla yangu akafutwa kazi kwa sababu hiyo. Basi mimi niliogopa mawe kuliko nyoka. Na kulikuwa na kaburi moja, kwenye kona karibu na ua wa miiba wa kayaba, lenye maandishi ya herufi nisizozijua, ambalo lilikuwa haliishi mawe. Nikilisafisha leo, baada ya wiki mbili au tatu nakuta jiwe jingine juu yake, wakati mwingine mawili. Kila Ijumaa niliyaondoa. Yale mabaya niliyatupa nyuma ya stoo, ambako mafundi waliyachota kwa ajili ya zege ya ukuta mpya. Yale mazuri, yaliyo laini, niliyatia mfukoni mwa aproni nikampelekea Gathoni, aliyekuwa na miaka tisa na hodari sana wa ule mchezo wa kurusha jiwe moja juu na kuokota mengine kabla halijashuka. Niliona nimepata faida mara mbili: kaburi limekuwa safi na mtoto amefurahi.

Wale wageni walifika Jumatano. Walikuwa vijana wa Kiyahudi kutoka nchi mbalimbali, waliokuja kuzunguka miji ya Mlima Kenya wakitafuta alama za watu wao: Wayahudi waliokimbia Ulaya kabla ya vita kuu, wakafika huku, wakalima, wakafuga, wakaoka mikate, wakafa. Karibu wote walikuwa hawajuani kabla ya safari ile. Dina ndiye pekee aliyejua Kiswahili, maana alizaliwa Nairobi na kulelewa huko hadi miaka kumi. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, cha yaya aliyemlea, na alikizungumza kwa haraka bila kuogopa kukosea. Kaburi la kona, lile la kayaba, lilikuwa la babu yake, mzazi wa mamake. Mzee Githaiga aliwapokea kama wajumbe. Alipoambiwa ni Wayahudi alivua kofia, akamshika Yoni mkono kwa mikono yote miwili, akamwomba jambo ambalo Dina alilitafsiri akijizuia kucheka. Alitaka kuombewa ng'ombe wake aliyekataa kushika mimba.

"Mwambie huyo mzee, mimi na Mungu hatuongei," Yoni alisema.

Dina akamwambia. Mzee hakushtuka. "Basi waongee leo," akasema. "Si kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya ng'ombe."

Walicheka wote, hata Leon. Kisha tukafika kwenye kona, na Dina akaacha kucheka. Alilizunguka lile kaburi mara mbili. Aliinama akapitisha kiganja juu ya saruji, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Akauliza kama hakuna mawe. Mzee Githaiga alijaa fahari. "Hata moja hutaona," akasema. "Huyu msichana wangu hufagia mpaka unaweza kula hapo." Dina akanigeukia. Alikuwa na macho ya kijivu na alinitazama kama ninaweza kumwokoa.

"Dada, hakuna mtu amewahi kuacha jiwe hapa? Mwaka huu? Hata moja?"

Nilimwona Mzee amesimama nyuma yake. Nilikumbuka aliyefutwa kabla yangu. Nilidhani natuhumiwa. "Hapana," nikasema. "Hakuna mtu hukuja."

Hakulia. Alitoa jiwe kwenye mfuko wa koti lake, jiwe la kijivu lenye mshipi mweupe katikati, akaliweka upande wa kichwa, akasimama kando. Nililitambua mara moja lile jiwe. Yaani si lile, bali ndugu yake. Nilikuwa nimeliona mkononi mwa Gathoni asubuhi ile ile. Walipoondoka walinawa mikono kwenye bomba la lango, mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yao wakitoka kwa wafu, na mimi nilisimama na ufagio nikijiambia kwamba mawe ya kijivu yako mengi duniani.

Nyumba ya wageni ilikuwa na chumba cha kulia chenye meza moja ndefu, picha ya askofu, na meko ambayo haikuwaka vizuri. Kati ya chumba hicho na jiko kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula, na beseni langu la vyombo lilikaa chini ya kidirisha hicho. Miezi minane nilikuwa nimesikia mengi kupitia pale, hasa kuhusu bei ya mbolea na wachungaji wanaohamishwa. Mama Wairimu, mpishi, alikuwa na wasiwasi tangu asubuhi kwa sababu Leon alimwambia vijana wake hawatakula nyama, kwa kuwa haikuchinjwa kwa utaratibu wao. "Ni Wasabato?" aliniuliza. Nikamwambia ni Wayahudi. Alishusha mwiko. "Wayahudi wenyewe? Wale wa Musa?" Alienda kuchungulia, akarudi amevunjika moyo kidogo. "Huyo mmoja amevaa raba zimetoboka," akasema. Lakini aliwapikia mukimo wa viazi vilivyopondwa na kunde na mahindi, maharagwe ya nazi aliyojifunza kwa shemeji wa Mombasa, maparachichi, na samaki wa mto Chania. Samaki mwenye magamba walisema wanakula. Rafa alikula sahani tatu akiwa amevaa glavu.

Walibishana kwa Kiingereza, nami nilielewa vya kutosha na nilipenda ubishi wao. Kwetu ubishi wa mezani ulikuwa mwanzo wa ugomvi. Kwao ulikuwa kama chumvi, walipokezana. Talia alisema kuna watu wasiomhesabu kuwa Myahudi kwa sababu ni baba tu aliye Myahudi, mama siye, na kwamba amekuja safari hii ili awaone wafu, maana wafu hawatamuuliza. Rafa akasema nyumbani kwao hawakufundishwa lolote, ila nyanya yake alikuwa akiwasha mishumaa kila Ijumaa ndani ya kabati, na alipouliza kwa nini, akaambiwa ni kwa sababu ya upepo. Yoni akasema yeye haamini Mungu ila siku ya mfungo mkubwa hawezi kula, tumbo lenyewe linakataa. "Kwa hiyo tumbo lako ndilo Myahudi," Talia akamwambia, na chumba kizima kikacheka. Leon aliwaacha, halafu akasema kwamba mezani pale hakuna atakayemhesabu mwenzake. Nilikuwa nimewafikiria watu wenye pasipoti kuwa watu wanaojijua. Kumbe nao walikuwa wakitafuta mahali pa kusimama, kama mimi.

Dina tu hakuzungumza wala hakula. Mama Wairimu, ambaye hakuweza kuvumilia sahani iliyojaa, alitoka jikoni akamkalia karibu, akamuuliza kwa nini anamtia aibu. Nilimsikia Dina akijibu, na maneno yake ninayo hadi leo.

"Mama, sisi hatuwekangi maua kwa kaburi. Tunaweka jiwe. Maua inakufa. Jiwe inabaki, na mwenye anakuja nyuma anajua kuna mtu alikuja."

Kisha akamweleza yote. Babu yake alikuwa mwokaji mikate, kwanza Nanyuki, halafu Nyeri. Binti yake, mamake Dina, alipompenda mwanamume ambaye babake hakumtaka, mzee alimwambia asikanyage tena nyumbani kwake, na yeye hakukanyaga. Mzee alipokufa, binti hakuja kumzika. Waliishi Nairobi, mwendo wa saa tatu kutoka hapa, na hakuja hata siku moja. Baadaye wakahamia Uingereza. Mwezi wa tatu mwaka ule, akiwa tayari ni mgonjwa, mama alisafiri peke yake kuja Kenya siku kumi, akisema anawaona marafiki wa Nairobi. Mwezi wa tano alifariki. Dirishani mwa jiko lao kulikuwa na chupa ya mawe aliyookota ufuoni karibu na nyumbani, yote ya kijivu, yote yenye mshipi mweupe; hakuokota mengine. Dina alikuwa amekuja kutafuta moja. "Kama alikuja kwa babake, aliacha," akasema. "Nimeangalia. Hakuacha. Basi alikufa bado amekasirika, na mimi nitakaa na hiyo."

Sahani iliyokuwa mikononi mwangu niliiosha mara tatu.

Alhamisi wageni walikwenda Nanyuki kuangalia palipokuwa na duka la mikate, na mimi nikaruhusiwa mapema. Nilifika Tetu kabla ya saa kumi. Gathoni alikuwa ameketi kwenye kizingiti na sare yake ya shule, mawe yake matano yamepangwa. Lile la kijivu ndilo alilorusha juu, aliliita malkia. Nilimwambia nalihitaji. Alilifumbata. Nilimwambia ni la mtu. Akaniuliza kwa nini basi nilimwambia ni lake. Nilinyoosha mkono, naye hakupiga kelele, aliniangalia tu, na nikajua ninachofanana nacho. Baada ya mazishi jamaa zetu walikuja wakachukua shali ya mama, sufuria kubwa, redio, cherehani, kila mmoja akiwa na sababu yake. Gathoni alisimama mlangoni siku ile akihesabu vinavyotoka. Tangu hapo mawe yale yalikuwa vitu vya kwanza kuingia. Niliurudisha mkono. Nilimwambia acheze.

Usiku nilijiuliza ningefanya nini na nikaona ni jambo moja tu. Ijumaa ilikuwa siku ya kufagia kona ya kayaba. Nilifagia pande zote za kaburi la mwokaji nikaacha jiwe la Dina mahali pake. Mzee Githaiga alipopita kukagua alilionyesha kwa fimbo.

"Kuna jiwe hapo. Toa."

"Sitoi, Mzee."

Hakuwa amezoea kukataliwa. "Ati nini?"

"Hiyo imewekwa na mwenyewe. Ukitaka kunifuta nifute, lakini jiwe itakaa."

Sijui angesema nini, kwa sababu gari la Kamande lilikuwa limeingia langoni. Vijana walikuwa wamekuja kuaga kabla jua la Ijumaa halijashuka na Sabato yao kuanza. Nilifikiria kungoja hadi nimpate Dina peke yake. Lakini uongo niliusema mbele ya watu wote, na niliona ukweli nao lazima uwe na mashahidi walewale. Nilimwambia nilimdanganya. Nilimwambia mawe yalikuwa yakija, na kwamba mimi ndiye niliyeyaondoa kila Ijumaa kwa miezi minane nikidhani ni ya watoto watundu. Nilimwambia mwezi wa tatu niliokota moja la kijivu lenye mshipi mweupe, na kwamba najua liliko.

Kamande aliwatafsiria wengine. Esta alishusha kamera. Mzee Githaiga alivua kofia, na nilidhani ni kwa ajili ya kunifuta. Alimgeukia Leon, ambaye alikuwa na karatasi na angeweza kuandika kwa ofisi yoyote aliyotaka.

"Huyu hufanya ile nimesema," akasema. "Mimi ndiye nilimwambia kaburi iwe safi. Kama ni makosa, andikeni jina langu."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimeona wakubwa wa kila aina, na bado nasubiri kumwona mwingine aliyelipokea kosa kwa haraka namna ile. Kamande alipomtafsiria, Leon alisema hakuna atakayeandika chochote, na kwamba mawe mengine huenda yaliachwa na Wayahudi wapitao, ambao huweka jiwe hata kwa mtu wasiyemjua. Dina alikuwa bado ananitazama.

"Wewe ulishika hiyo jiwe na mkono yako?"

"Nilishika."

"Ilikuwa imewekwa ama imetupwa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sikujua ninacho. Nilimwambia ilikuwa imewekwa upande wa kichwa, palepale alipoweka lake. Na nilimwambia kuhusu nyasi. Ilikuwa wiki ya kwanza ya mvua, nyasi zilikuwa zimesimama kila mahali, isipokuwa ubavuni mwa kaburi hilo, ambako zilikuwa zimelala chapa ya mtu aliyeketi na kunyoosha miguu. Nilikasirika siku ile, kwa sababu nyasi zilizolala hazikatiki vizuri. "Hakukuja na kwenda," nikamwambia. "Alikaa. Nyasi hulala hivyo mtu akikaa sana."

Dina aliniuliza ni wapi. Nikamwonyesha. Akaketi chini, kwenye umande, akanyoosha miguu. Talia akaketi kando yake, halafu Rafa na glavu zake, halafu wote. Mimi nilibaki nimesimama na ufagio hadi Dina akanivuta sketi. Wana sala ya wafiwa ambayo haisomwi bila kutimia Wayahudi kumi, na wao walikuwa sita. Leon alisema hawawezi. Basi Yoni, asiyeongea na Mungu, akatoa kitabu mfukoni mwa Leon na kusoma zaburi kwa Kiebrania, kwa sauti ya mtu anayetembea gizani nyumbani kwao. Mzee Githaiga aliitambua kwa mwendo wake, akaifuata kwa Kikuyu. Walimaliza karibu pamoja. Kisha Yoni akaongeza sentensi moja, na Dina, machozi yakimtiririka, akamtafsiria Mzee kwamba hiyo ilikuwa ya ng'ombe.

Tulikwenda Tetu mchana, Dina na mimi na Kamande. Nilikuwa nimemwonya kwamba sitamnyang'anya mtoto, atamwomba mwenyewe. Gathoni tulimkuta nyumbani, ametandika gunia, amepanga mawe. Dina hakumwomba. Aliketi mbele yake na kuuliza kama anaweza kucheza. Alishindwa mara tatu, vibaya, na Gathoni akawa anamcheka kwamba mkono wake ni wa mbao. Nyawira alileta githeri ya mahindi na maharagwe kwenye bakuli, Dina akala yote. Nilifikiri Mama Wairimu angepata wivu. Mwishowe Dina akamwambia Gathoni kwamba malkia alitoka kwa mamake, na kwamba mama hayupo tena. Gathoni aliuliza kama amezikwa. Dina akasema ndiyo, mbali. Mtoto alilirusha jiwe mara moja ya mwisho, akalidaka, akampa.

"Ya mama haichukuliwi," akasema. "Lakini uniletee ingine ya kurusha."

Dina alitaka kujua mama yetu yuko wapi. Tulimpeleka kwenye mparachichi. Misalaba ya mbao ilikuwa imeinama, nami niliona aibu: nilikuwa nikifagia wafu wa watu wengine kila asubuhi na sikuwahi kuketi na wangu, hata dakika tano. Nilijiambia nina kazi. Dina alitoa jiwe la pili kutoka kwenye koti, la kijivu, lenye mshipi. Alisema aliondoka nyumbani na mawili, moja la babu, na jingine hakujua ni la nani hadi leo. Aliliweka katikati ya baba na mama. Nikamuuliza nitamlipa nini, kwa sababu kwetu mtu akija msibani lazima nawe uende kwake.

"Utakuja na yako," akasema. "Lakini usitume na mtu. Jiwe halitumwi. Mtu anakuja nayo."

Alisema kama mzaha. Tulikuwa vijana, na kifo cha mmoja wetu kilikuwa kama habari ya nchi nyingine. Nikamwahidi.

Lile la mamake lilirudi kwenye kaburi la mwokaji kabla jua halijashuka, na tuliporudi nyumba ya wageni walikuwa wametandika meza kwa kitambaa cheupe. Waliwasha mishumaa miwili, wakafunika mkate kwa taulo la jikoni la Mama Wairimu, na Rafa ndiye aliyewasha, akisema nyanya yake angependa kuiona nje ya kabati. Nilikwenda kwenye beseni langu kama kawaida. Talia alichungulia kidirishani akaniambia kuna kiti. Nilisema nina vyombo. Akasema vyombo havitakimbia. Niliketi kati ya Dina na Yoni, nikavuta kipande cha mkate kutoka mkononi mwa Leon, na kwa mara ya kwanza nilikiona kile kidirisha kutoka upande wa pili. Mama Wairimu alikuwa amesimama hapo, uso wake umejaa katika fremu, akitusimamia tule.

Waliondoka Jumapili. Mwaka ule haukuisha kabla ng'ombe wa Mzee Githaiga hajashika mimba, na ndama alipozaliwa aliitwa Yoni ingawa alikuwa jike. Mzee mwenyewe alipaka rangi ubao mdogo, akauchomeka kwenye kona ya kayaba: MAWE HAYA NI YA WATU. USITOE. Kifurushi kilikuja Desemba kwa jina la Gathoni, ndani yake jiwe la kijivu. La kurusha linaweza kutumwa, Dina aliandika, hilo si la kaburi. Nami Jumapili baada ya kanisa nilianza kuketi chini ya mparachichi, kwanza dakika tano, halafu zaidi, hadi nyasi pale zikajifunza kulala. Niliwalea wale watatu hadi mwisho. Watu husema niliweza kwa sababu nina moyo mgumu. Mimi najua nilianza kuweza mwaka ule, nilipofundishwa na watu wasiojua hata kukata nyasi kwamba kuketi na wafu hakumpunguzii mtu siku.

Dina alikuja mara mbili baadaye. Mimi sikwenda hata mara moja. Kila mwaka palikuwa na karo, paa, harusi, na safari yangu ikasogezwa mbele kama kitanda kinachosogezwa ili kufagia chini yake.

Juzi Yoni aliniandikia tena. Alituma picha: udongo mbichi, kibao cha muda, na mawe ishirini au thelathini yamepangwa upande wa kichwa. Alisema nimpelekee langu kwa posta, ataliweka yeye, akipiga picha nione. Gathoni alikuwa amekwisha kuchagua jiwe, jeusi, la mto Chania, laini. Liko dirishani kwangu sasa, kando ya fomu ya pasipoti ambayo mwalimu huyo amenijazia kwa mwandiko wake mzuri na ambayo bado inangoja picha zangu na sahihi. Nilimjibu Yoni kwamba jiwe halitumwi. Nikamwomba aniachie nafasi.